Vinundu vya Yule Mnyama

Watu wakiniuliza nnafanya kazi gani, huwajibu: nnakata. Wengine hudhani mie mshoni, na huwaacha wadhani. Ukweli ni kwamba mie Maisara binti Msabah, mzaliwa wa Mkunazini, nnakata nyama za wanyama waliokufa kwa maradhi. Nnazikata nyembamba mpaka ukikiweka kipande juu ya gazeti unasoma habari zote. Nyama hugandishwa ndani ya nta, nta hufungwa kwenye mashine yenye wembe, kipande kikitoka nakiweka kielee kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nakiokota kwa kioo, nakitia rangi, kisha daktari anakitazama kwa hadubini. Mwaka wa ishirini na saba huu. Na Unguja nzima hakuna anayekata kama mie. Sijisifu. Au tuseme nnajisifu, lakini mtafuteni mwengine basi!

Siku hiyo akaja Nadra. Nadra ni mtoto wa Chwaka, mama yake mkulima wa mwani, na mie ndiye niliyemfundisha kushika kioo alipokuwa mwanafunzi. Siku hizi ni daktari wa mifugo, mwenyewe kabisa, na koti jeupe.

"Shikamoo, Bi Maisara."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama mlangoni kama mgeni?"

"Nna kazi. Lakini utanipiga."

"Sema kwanza, nikupige baadaye."

Akaja mpaka sikioni akaninong'oneza. Nguruwe.

Haya. Maabara yetu watu ni wachache na masikio ni mengi. Mwanakheri, mwenzangu wa meza moja, alinyanyua kiti chake akahamia dirishani. Tangu siku ile hakuna aliyemtaja nguruwe kwa jina. Ikawa "yule mnyama". Nyama ya yule mnyama imefika. Friji ya yule mnyama ifungwe.

Nadra akanieleza. Kuna jamaa zetu Wakristo pembezoni mwa mji wanaowafuga, na katika kuchinja wameonekana baadhi yao wana vinundu shingoni na mapafuni, vigumu kama kunde mbichi. Ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wa ukoo wa kifua kikuu. Sasa Nadra alitaka kujua mwili unavijengaje vinundu vile. "Kwa sababu, Bi Maisara, samahani kwa kukwambia, vinundu vya yule mnyama vinafanana na vya binadamu kuliko vya panya wa maabara. Ukivijua vyake, umejua kitu kuhusu mgonjwa wa kifua kikuu."

"Na nisipokukatia mie?"

"Nitazipeleka nje zikakatwe."

Hapo akanigusa penyewe. Mtoto wa Chwaka abebe nyama zake akawapelekee watu wasiomjua, na mie nimekaa hapa na wembe wangu? Hata siku moja! Nlimuuliza shekhe wetu pale mtaani, akanambia kazi ni kazi, najisi huoshwa: mara saba kwa maji, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Nikamwambia Nadra basi yamekwisha.

Fungu la kwanza lilikuwa vioo arubaini. Nlivaa glavu mbili mbili, na kila nikimaliza natoka nje kwenye mfereji wa bomba wa uani, nakosha mikono mara saba kama nlivyoambiwa, moja kwa udongo wa pale pale, kisha nakwenda zangu nyumbani.

Sasa nikwambie nlichokiona, maana hapa ndipo lilipo lenyewe. Kinundu ukikitazama kwa hadubini kina katikati iliyooza, na humo ndimo walimo bakteria. Tukiwatia rangi yetu wanakuwa vijiti vyekundu, na nyama yote inabaki buluu. Pembeni ya uozo wamejipanga askari, yaani zile seli za ulinzi zinazoletwa na damu. Madaktari wote dunia nzima huhesabu askari. Nadra naye alikuwa akihesabu askari, kutwa nzima, ameinama mpaka shingo imekuwa ngumu.

Mie nlikuwa nikitazama wengine. Nje ya askari kulikuwa na seli nyembamba, ndefu, zimelala ubavu kwa ubavu.

"Nadra, hawa nani?"

"Hao? Hao wenyeji tu, Bi Maisara. Seli za nyama yenyewe. Zinatoa nyuzi, zinaushikilia mwili."

Wenyeji tu! Hiyo "tu" ilinikera, sikufichi. Nikaanza kuvitafuta vile vinundu vidogo kabisa, vichanga, vya siku za mwanzo. Kukikata kinundu kichanga hasa kunataka mkono, maana ukikosea kidogo umekipita. Nikavipata kumi na kimoja. Na katika vyote kumi na kimoja wale wenyeji walikuwa washageuka, washalaza nyuzi zao duara, na askari hata hawajatimia. Pale nyuzi zilipokuwa zimefunga vizuri, askari walisimama kwa mpango. Pale zilipokatika, askari wametawanyika ovyo na bakteria wametoka. Ni kama nyumba ikishika moto mtaani. Kabla gari la zimamoto halijafika, majirani washavua makuti ya nyumba ya pili. Zimamoto wakija wanakuta moto una mipaka, na sifa wanapewa wao.

Nadra alitazama saa nzima. Alipoinua uso macho yalikuwa yamemwiva.

"Bi Maisara, hawa wenyeji hawangojei kupangwa. Wao ndio wanaopanga."

"Si ndivyo nnavyokwambia tangu asubuhi?"

"Kazi hii itaandikwa majina mawili. Langu na lako."

Loo! Miaka ishirini na saba nimewakatia watu, wamepanda vyeo juu ya vioo vyangu, na jina langu halijaandikwa hata pembezoni mwa karatasi. Nlitoka kazini Darajani mpaka Mkunazini kwa miguu, kifua mbele, nikawasalimia hata watu nisiosemezana nao.

Lakini vioo arubaini havitoshi kusema neno kubwa kama lile. Ilitakiwa sitini zaidi. Na hapo Mwanakheri, aliyekuwa bado dirishani na kiti chake, akanena.

"Maisara, wewe unaosha mikono. Vyombo je?"

"Vyombo vipi?"

"Beseni la kuelea vipande. Vibakuli vya rangi. Vibanio. Kesho si tunatumia sote kwa ng'ombe na mbuzi? Au twahara yako inaishia kwenye vidole?"

Alikuwa na haki, na mie si mtu wa kuambiwa jambo la twahara mara mbili. Dada yangu Salhiya ana shamba Kidichi. Nikaenda kuchukua udongo chini ya midalasini, mwekundu, safi, nikauchekecha kwa chekecheo la unga, nikautia kwenye kopo. Kila jioni nikawa nasugua: beseni, vibakuli, vibanio, mpaka trei za vioo. Mara saba, ya kwanza kwa udongo. Vyombo vikawa vinang'aa. Mwanakheri akarudi mezani na kiti chake, na kwa hilo pia nlijiona mtu.

Miezi mitano baadaye akaja Profesa Ahmada. Huyu ni mtoto wa Unguja aliyesomesha nchi za watu miaka mingi, mtu mzima, mpole, maneno yake machache na makavu. Alikuja na wenzake wawili kuamua kama kazi ya Nadra iendelee hapa au ifungwe. Akakaa na vioo vyangu sitini asubuhi nzima. Adhuhuri akatuita.

"Daktari Nadra, ukuta huu wa wenyeji, unazuia nini?"

"Unazuia bakteria, Profesa."

"Tazama."

Nadra akatazama. Kisha nikatazama mie. Vijiti vyekundu vilikuwa ndani ya kinundu, ndani ya ukuta, nje ya ukuta, na mpaka kwenye nyama nzima isiyokuwa na ugonjwa wowote. Kioo cha pili hivyo hivyo. Cha kumi hivyo hivyo. Na sie miezi yote hiyo macho yetu yalikuwa kwenye nyuzi na askari tu.

"Kama wako nje sawa na ndani," akasema Profesa, "basi huo si ukuta. Ni pambo. Kesho saa nne mniambie kama mna la kusema. Kama hamna, nyama zitapelekwa kwengine, na hili la wenyeji tulifute."

Nadra alijifungia stoo akalia. Nlimsikia. Na mie nlishikwa na hasira, wallahi, hasira ya kutaka kumrushia mtu kitu, lakini sikujua nimrushie nani. Nlikuwa nimeuona ukuta ule kwa macho yangu! Nikakaa kwenye hadubini, nikaweka kioo kimoja katika vile sitini, nikaanza kuzungusha pole pole lile gurudumu dogo la pembeni linalosafisha picha.

Sasa mtu aliyekata miaka ishirini na saba anajua jambo moja. Kilichomo ndani ya nyama huonekana vizuri pamoja na nyama. Nikazungusha: nyama ikawa safi, vijiti vya ndani ya kinundu vikawa safi, lakini vile vya nje vikawa na ukungu. Nikazungusha kidogo tena: vya nje vikawa safi, nyama ikapotea. Havikuwamo ndani ya nyama. Vilikuwa vimelala juu yake.

Kwa hivyo vililetwa, na kinacholeta kitu juu ya kipande ni maji kinamoelea. Nikatoa vile vioo arubaini vya mwanzo. Safi! Vijiti ndani tu, hata kimoja hakijavuka ukuta uliofungika. Kilichobadilika baina ya fungu la kwanza na la pili nini? Mashine ile ile, wembe ule ule, mkono huu huu.

Nikaligeukia kopo langu pale juu ya sinki.

Nlijua kabla sijapima. Nlichukua ncha ya kijiko, nikakoroga na maji, nikapaka kwenye kioo, nikakitia rangi. Vijiti vyekundu, vingi, vimejaa tele. Jamaa za bakteria wa kifua kikuu wako wengi tu wanaoishi kwenye udongo wala hawamdhuru mtu, na nlikuwa nalijua hilo, nshawafundisha wanafunzi wangapi! Na bado kwa miezi mitano nilikuwa nikiwapaka kwa mkono wangu mwenyewe kwenye beseni, nikidhani nnasafisha. Nikalifunika kopo.

Nikamtoa Nadra stoo nikamwonyesha. Akafuta machozi, akafikiri haraka kama kawaida yake.

"Bi Maisara, tuseme maji. Maji ya mfereji nayo huwa na hao. Profesa ataamini, kila mtu ataamini. Nani atauliza habari ya udongo?"

Nitasema kweli: moyo ulikubali. Nlijiona nimesimama mbele ya wale wageni, mie Maisara msafi, mie wa mkono usiokosea, nikiwaambia eti nimevichafua vioo sitini kwa kuosha. Na kilichoniuma zaidi si hicho. Kilichoniuma ni kwamba watatoka hapo wakicheka twahara yetu. Bora waicheke idara ya maji.

Nikasema haya, iwe maji. Nadra akaanza kuandika. Nikamtazama anavyoandika, kisha nikamshika mkono.

"Vile arubaini nliviweka kwenye maji gani?"

Akaiweka kalamu chini.

"Ya mfereji huu huu, Nadra. Tukisema maji, na vile arubaini vinakufa. Na vinundu vyetu vichanga kumi na kimoja vimo humo."

"Tutafute sababu nyengine."

"Nyengine haipo. Ukuta ule unapona kwa kuutaja udongo tu. Na udongo una mwenyewe."

"Sitaki uaibike, Bi Maisara."

"Wewe nani hata unishauri kuhusu aibu yangu? Futa hayo."

Usiku ule sikula kitu. Asubuhi nikavaa kanga zangu nzuri chini ya baibui, maana kama ni kuadhiriwa, niadhiriwe nimependeza.

Saa nne tukasimama. Nadra akafungua mdomo, nikamtangulia. Nikawaeleza yote: nyama ya yule mnyama, mara saba, kopo la Kidichi, beseni. Nikaweka kioo cha udongo mezani, nikawaambia na gurudumu la hadubini lilivyosema. Mmoja katika wale wageni wawili, kijana wa miwani, akacheka. "Udongo? Kwenye maabara?"

"Cheka," nikamwambia. "Ukimaliza nambia."

Akajifanya anafuta miwani.

"Dini yangu imenambia nijitwahirishe, na mie nnajitwahirisha, sitaacha. Haikunambia nisugue beseni la kazi kwa udongo kisha nitie nyama mumo humo. Hilo ni langu mwenyewe, Maisara. Wala usinambie ningeuchemsha udongo, maana bakteria hao hata wakifa wanashika rangi vile vile. Vioo sitini ni vya kutupwa, na nnavitupa mie. Lakini arubaini ni safi. Na ukuta upo."

Profesa Ahmada alikuwa amefumba macho nusu.

"Maneno mazuri," akasema. "Lakini mie huamini vioo."

"Vipande vya nta vyote nimeviweka. Chagua vyovyote katika vile sitini. Nitakata upya mbele yako."

Akachagua kumi na viwili. Wallahi alichagua vigumu kuliko vyote, jicho analo. Mwanakheri akatoka mbio, sikumtuma, akarudi na beseni jipya la plastiki na vibakuli vya kioo ambavyo bado vina karatasi ya dukani. Nikakaa kwenye mashine. Watu watano nyuma ya mgongo wangu.

Kipande cha kwanza kikachanika.

Mkono huu! Nikautazama kama si wangu. Nikasikia Nadra anasogea aje anishike bega, nikamwambia bila ya kugeuka, "Kaa huko huko." Nikavuta pumzi, nikasema bismillahi, nikazungusha. Utepe wa vipande ukatoka, wa pili ukafuata, wa tatu, mwembamba, umenyooka, hauna hata mkunjo. Nikauweka uelee juu ya maji safi. Nikaokota kumi na viwili, nikavitia rangi, na kabla ya adhana ya adhuhuri vilikuwa mbele ya Profesa.

Akatazama cha kwanza. Akazungusha gurudumu mbele, nyuma, mbele tena. Akatazama cha pili. Kijana wa miwani akataka kusema kitu, Profesa akainua kidole. Kumi na viwili vyote alivimaliza, na cha mwisho alikikalia sana. Nlikijua hicho. Kilikuwa na kinundu kichanga kimoja pembeni, kidogo mno, askari bado hawajafika hata wanne, na wenyeji washakizunguka.

"Wamo ndani," akasema mwisho. "Ukuta ulipofungika, hakuna hata mmoja nje."

Nadra akafungua daftari akaandika.

"Na hawa," Profesa akaendelea, jicho lake bado liko palepale, "hawa waliolaza nyuzi mapema. Nani aliwaona mwanzo?"

"Bi Maisara," akasema Nadra.

"Nani alikwambia uwatazame, Bi Maisara? Vitabu vyote vinatazama askari."

"Hakuna aliyenambia. Walikuwapo."

Profesa Ahmada akainuka kwenye kiti. Mtu yule ana miaka yake, na magoti yake mabovu, aliinuka kwa kushika meza. Akanivutia kiti.

"Kaa hapa. Nionyeshe tangu mwanzo, pole pole. Nnataka kujifunza."

Nikakaa. Nlimwonyesha mpaka ikafika alasiri, na kijana wa miwani naye akawa anaandika kila nnachosema. Sitakudanganya nikasema nlikuwa mnyenyekevu. Nlijaa furaha mpaka kooni. Kila nikisema "wenyeji" nlikuwa nalitamka kwa sauti kubwa makusudi, watu wa meza ya mbali nao wasikie.

Kazi ikabaki Unguja. Na tulipokuwa tunakunja vitu, Mwanakheri akauliza swali ambalo miezi mitano mizima halikutujia, si mie wala yeye: kwani lazima vyombo vya yule mnyama vioshwe? Si vitengwe tu, vitiwe alama, vibaki vyake yeye, na sie tuoshe mikono uani? Tukatazamana. Miezi mitano nasugua! Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Wiki ya pili Nadra akaniletea ripoti niisome kabla haijakwenda kuchapishwa. Ukurasa wa mbele majina mawili, la pili ni Maisara Msabah, limeandikwa kamili. Nikalitazama, nikalitazama tena. Kisha nikaendelea kusoma mpaka mahali panapoelezwa kwa nini vioo sitini vilitupwa. Alikuwa ameandika: "kwa uchafuzi wa bahati mbaya kutoka kwenye mazingira."

"Hii nini?"

"Ndivyo wanavyoandika watu, Bi Maisara. Si lazima waeleze ya ndani."

"Mazingira yana mikono?"

"Nlitaka kukustahi."

"Lete kalamu."

Nikakata mstari ule kwa mkono wangu, umenyooka vizuri, nikaandika juu yake: "Udongo wa Kidichi, ulioletwa na kutumiwa na Maisara Msabah kwa ajili ya twahara." Nadra akasoma, akanitazama, machozi yanamlengalenga.

"Unataka kweli dunia nzima isome hivi?"

"Jina la mbele nimelipata kwa kutazama," nikamwambia. "Hili la huku ndani, la udongo, ndilo lililoupa ukuta wetu pumzi. Andika yote mawili, na herufi zote."